Balme alikuwa nani, na pweza anaingiaje hapa?

Nilikaa Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, miezi kumi na moja nikisomea shahada ya pili ya ukutubi, na minane ya mwanzo nilipita chini ya jina la maktaba ya chuo, Balme, kila siku bila kujiuliza lolote. "Tukutane Balme." "Niko Balme, njoo na chaja." "Balme leo hakuna umeme upande wa majarida." Kwa jinsi wanafunzi wanavyolitamka, nilishika moyoni kwamba ni neno la Kiga, lugha ya wenyeji wa Accra, labda lina maana ya busara au kisima. Mimi mkutubi mzima, kazi yangu kujua nani kaandika nini, nasoma ndani ya maktaba ya mtu na sijui kama ni mtu.

Aliyenitoa ushamba ni mzee mmoja wa kaunta ya vitabu vya akiba. Nilimuuliza kwa mzaha, eti Balme maana yake nini. Akanitazama juu ya miwani.

"Binti yangu, huyo alikuwa mwalimu wa Kigiriki. Kabla ya hapo alirusha ndege za mabomu. Halafu akaja kuwa mkuu wa kwanza wa chuo hiki. Halafu akarudi kwao kusoma habari za samaki."

Nikacheka, nikidhani na yeye ananitania. Nilipokwenda kuchimba nikakuta mzee kasema kweli tupu, tena kwa mpangilio.

David Mowbray Balme alizaliwa 1912, Mwingereza, akasoma Kigiriki na Kilatini Cambridge na akawa mwanazuoni wa Chuo cha Jesus hukohuko. Vita ikamkuta ni kijana wa vitabu. Akaingia jeshi la anga, akawa rubani wa ndege za mabomu, na alitoka na DSO na DFC, nishani mbili ambazo jeshi la Uingereza halizigawi kama pipi. Mwaka 1948, hata miaka arobaini hajafika, akapewa kazi ya kuanzisha chuo kikuu katika nchi iliyoitwa Gold Coast.

Hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu hadithi hii mara nyingi husimuliwa kana kwamba Waingereza waliwagawia watu chuo kwa hisani. Sivyo. Tume ya Elliot ilipokaa miaka ya vita kuangalia elimu ya juu ya Afrika Magharibi, wajumbe waligawanyika. Wengi walitaka Nigeria wapate chuo na Gold Coast wapate chao. Wachache wakasema kimoja tu kinatosha, kiwe Ibadan, na London ikaelekea kwa hao wachache. Watu wa Gold Coast wakakataa katakata. Mwanasiasa J. B. Danquah na wenzake wakapiga kelele, na la uzito zaidi, nchi ikasema: fedha tutatoa wenyewe. Fedha gani? Ya kakao. Ndiyo maana mpaka leo moja ya mabweni makubwa ya Legon linaitwa Akuafo, kwa Kiakan maana yake wakulima. Nimekula wali na maharage, waakye, nje ya bweni hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila mara nilimfikiria mkulima aliyekausha kakao yake juu ya jamvi ili mtoto wa mtu mwingine akasome Kigiriki.

Maana kusoma Kigiriki walisoma. Chuo kilianza Achimota, Oktoba 1948, kikiwa na wanafunzi wasiozidi mia, na shahada zilikuwa za Chuo Kikuu cha London, mpango uleule walioingia Makerere mwaka uliofuata. Balme alipoulizwa chuo kifanane na nini, jibu lake kwa vitendo lilikuwa Cambridge. Majoho kwenye chakula cha jioni. Meza kuu ya walimu juu ya jukwaa. Dua ya kula kwa Kilatini. Idara ya Kigiriki na Kilatini toka mwanzo. Wito wa chuo wenyewe ni Kilatini mpaka leo, *Integri Procedamus*, twende mbele kwa uadilifu, ingawa kwenye ngao wameweka alama za Kiakan: aya, yaani ule mmea wa jamii ya kangaga unaoota hata pasipo na udongo wa maana, na pembe za kondoo dume.

Sasa, joho la sufu kwenye joto la Accra! Hapo siwezi kumtetea. Nkrumah na wengi wa upande wake waliona chuo kile ni kisiwa, kimepanda juu ya kilima kinawatazama wananchi kwa mbali, na sidhani walikosea. Mtu anaweza kuwapa watoto elimu bora bila kuwavalisha kama Cambridge wakati wa baridi.

Lakini kuna upande wa pili, na nilichukua muda kuuona. Mkoloni wa kawaida wa miaka ile alikuwa tayari kabisa kuwapa Waafrika elimu "inayowafaa", yaani ufundi kidogo, kilimo kidogo, ualimu wa shule za msingi. Sisi wa Tanganyika tunaijua elimu hiyo vizuri. Balme hakutaka kupunguza. Ngazi aliyoipanda yeye ndiyo aliyoisimika, na urefu wake wote. Na wapo walioipanda mpaka juu. Alexander Kwapong, mzaliwa wa Akropong, alikuwa amekwenda Cambridge, Chuo cha King's, akapata daraja la kwanza katika Kigiriki na Kilatini. Mwaka 1953 akarudi kufundisha Legon, na 1966 akawa Mghana wa kwanza kuwa makamu mkuu wa chuo. Mkuu wa kwanza mtu wa Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, makamu wa kwanza mzalendo naye mtu wa mambo hayohayo. Hilo nalo lataka kufikiriwa kabla mtu hajacheka majoho.

Ghana ikapata uhuru Machi 6, 1957. Mwaka huohuo Balme akamaliza, baada ya miaka tisa. Jengo la maktaba, lile la kuta nyeupe na vigae vyekundu ambalo mimi nililidhania kisima cha Kiga, lilifunguliwa 1959, yeye keshaondoka.

Na hapa ndipo stori ilipoacha kuwa ya Ghana ikawa yangu.

Nilipotafuta alikwenda wapi baada ya Legon, nilitegemea kukuta cheo kikubwa zaidi. Gavana wa kitu fulani. Mwenyekiti wa tume. Kumbe mtu aliyekuwa mkuu wa chuo kizima, aliyejenga kutoka kilima kitupu, alirudi London kuwa mwalimu wa kawaida Chuo cha Queen Mary. Wala si profesa. Alianza kwa cheo kimoja chini ya uprofesa. Uprofesa alikuja kuupata 1964, miaka saba baadaye, na akafundisha mpaka 1978.

Wasomaji wangu wa Tanga na Dar, hebu niambieni ukweli. Mkuu wa chuo akiacha ofisi, gari na dereva, Jumatatu akaonekana darasani ameshika chaki anafundisha mwaka wa kwanza, mtaani tutasema nini? "Kafanya nini huyo?" "Kuna kitu kimefichwa." Tuliimba utotoni kwamba cheo ni dhamana, lakini dhamana hiyo kuirudisha kwa mkono wako mwenyewe ukiwa na akili timamu, hiyo hatuna hata neno lake zuri. Tuna kushushwa. Kushuka tunaona aibu.

Wakati nasoma haya nilikuwa na barua kwenye begi. Taasisi niliyoifanyia kazi nyumbani, sitaitaja, ilikuwa inanitaka nikirudi niwe mkuu wa idara. Nilikwishakaimu nafasi hiyo mara moja kwa miezi saba. Katika miezi hiyo nilihudhuria vikao visivyohesabika, nilisaini maombi ya wino wa printa, niligombana na fundi wa viyoyozi, na sikuorodhesha kitabu hata kimoja. Nilikuwa nikipita kwenye rafu kama mgeni. Siku moja nilikuta kitabu cha uvuvi wa pwani kimewekwa kwenye rafu ya dini, sijui nani kakipeleka, na nikagundua kimekaa hapo tangu nianze kukaimu. Nikakirudisha na moyo ukaniuma isivyo kawaida, kama niliyekuta mtoto wangu kwa jirani hajala.

Basi nikaanza kumsoma Balme aliyeshuka.

Samaki wa yule mzee wa kaunta ni kweli. Aristotle, ambaye wengi tunamjua kwa mantiki na siasa, sehemu kubwa ya maandishi yake yaliyobaki ni habari za wanyama. Kubwa kuliko yote ni ile wanayoiita kwa Kilatini *Historia Animalium*: mamia ya viumbe, anayezaa na anayetaga, nani ana nyongo na nani hana. Kwa karne nyingi watu wa falsafa waliipita kando kama stoo ya nyuma ya nyumba. Balme alihamia stoo. Mwaka 1972 akatoa tafsiri na maelezo ya kitabu cha kwanza cha *Viungo vya Wanyama* pamoja na sehemu za *Uzazi wa Wanyama*, na kutoka hapo wanafalsafa vijana, hasa wa Marekani, wakaanza kumfuata humo stooni. Mwaka 1985 wakamchapishia kitabu kizima cha heshima. Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na wale wanaosema Aristotle aliona kila kiumbe ni nakala tu ya umbo moja la jamii yake. Balme akawarudisha kwenye maandishi: tazameni anavyoeleza kwa nini mtoto hufanana na baba yake, akikosa hapo hufanana na mama, akikosa tena hurudi kwa babu na bibi. Mtu anayehangaika na pua ya babu hawezi kuwa anaona "mtu" kwa jumla tu.

Kazi yake nyingine ilikuwa ya mikono na macho. Alilinganisha miswada ya Kigiriki ya ile *Historia*, neno kwa neno, kujua Aristotle aliandika nini na wanakili walivuruga nini. Wanaoshughulika na tenzi za zamani za Lamu na Pate wanajua uchungu huu: nakala tano, kila moja na beti zake, na nukta moja ya hati ya Kiarabu inageuza maana yote. Balme alikuta hata mpangilio wa vitabu ulivurugwa karne ya 15 na mfasiri Theodorus Gaza, aliyehamisha kitabu cha tisa kikawa cha saba. Akakirudisha mahali pake. Hapo mkutubi ndani yangu alisimama akapiga makofi! Kitabu kwenye rafu isiyo yake, mtu akakirudisha baada ya miaka mia tano.

Na tena, baadhi ya sehemu za mwisho wataalamu walikuwa wamezikatalia kabisa, eti si za Aristotle, kazipachika mtu mwingine. Balme akasema sababu zenu hazitoshi. Humo ndimo alimo pweza.

Nimezaliwa kijiji cha pwani kaskazini ya Tanga. Bibi yangu, mzaa mama, alichokoa pweza tangu msichana mpaka magoti yalipomkatalia. Bamvua likitoa maji mpaka mwamba ukawa mkavu, anafunga kanga kiunoni, anachukua mchokoo wake na ndoo, anatoka. Nilimfuata tangu nina miaka sita. Alinifundisha kwamba hutafuti pweza, unatafuta mlango. Pweza habadiliki rangi kwa ajili ya mchezo, akiwa juu ya mwamba wa kahawia yeye ni mwamba, juu ya nyasi yeye ni nyasi, macho yako hayamuwezi. Ila ana tabia moja inayomponza: akishakula hutupa maganda nje. Ukiona maganda ya kaa na ya chaza yamerundikwa kando ya tundu, mwenyeji yumo.

Nilikuwa nimekaa ghorofani Balme, feni inalia, nimefungua tafsiri ile ya Kiingereza yenye Kigiriki ukurasa wa kushoto, iliyotoka 1991. Yeye mwenyewe alikwishafariki 1989, mwenzake Allan Gotthelf ndiye aliyeimalizia. Nikafika kwenye pweza. Aristotle anasema hubadili rangi kufanana na mawe aliyo karibu nayo. Anasema hukusanya vyakula ndani ya makazi yake, na akishakula kilicho cha kuliwa hutupa nje maganda ya kaa na ya konokono na miba ya samaki.

Nilifunga kitabu nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Miaka elfu mbili na mia tatu, bahari nyingine, na huyu mtu kauona mlango wa bibi.

Kuna na fisi humo. Waliosimulia kwamba kila fisi ni dume na jike kwa pamoja Aristotle anawakatalia, anasema ni uongo, anaeleza kilichowadanganya. Yule wake ni fisi milia. Laiti angemuona jike wa fisi wetu wa madoa, angerudi mezani kuandika upya.

Na kuna methali. Katika kitabu hichohicho, akizungumzia wanyama wa nchi mbalimbali, anasema wa Libya ndio wenye maumbo ya kila namna, na ipo methali kwamba Libya kila siku huleta jambo jipya. Libya kwa Wagiriki ndiyo Afrika. Sababu yake inachekesha: kwamba nchi haina mvua, wanyama wa kila aina hukutana kwenye maji machache, wakajamiiana wasio wa jamii moja. Sasa mfikirie Balme. Ametoka Legon, kakaa miaka tisa Afrika, yuko London jioni kwenye taa anasahihisha herufi za mstari huo. Sijui alicheka? Mimi ningecheka.

Jambo lake jingine ambalo nimelishikilia mpaka leo ni hili. Wengi waliamini Aristotle alikusanya kwanza habari za wanyama, halafu akakaa chini kuzieleza sababu. Ndivyo shule zinavyotufundisha, kusanya data, kisha andika nadharia. Balme alishikilia kinyume chake: vitabu vya maelezo vilitangulia, na ule mkusanyo mkubwa ulikuja baadaye, mzee akiwa ameshajua anachouliza. Wapo wasiokubaliana naye, na mimi si mtu wa kuamua ugomvi wa Kigiriki. Ila ukitazama miaka yake mwenyewe, kazi iliyompa jina kati ya wasomi yote imekuja baada ya 1957, na kubwa kabisa, matini kamili ya ile *Historia* kwa Kigiriki, ilitoka Cambridge 2002, miaka kumi na tatu amekwisha kuzikwa.

Nilirudi nyumbani Juni. Jambo la kwanza, kabla ya kufika ofisini, nilikwenda kijijini. Bibi macho yamefifia lakini masikio ni ya kengewa. Tulikaa barazani, mamangu mdogo anapaza mchele, nikamtolea bibi nakala yangu ya kurasa zile nikamtafsiria. Alisikiliza ya rangi akaitikia kwa kichwa. Ya maganda nje ya mlango akasema, "Ehee," kama anayesikia salamu kutoka kwa mtu anayemfahamu.

Nikafika pale Aristotle anaposema kwamba pweza ni mjinga, kwa sababu mtu akiteremsha mkono majini, yeye huufuata.

"Nani mjinga?" akauliza bibi.

"Pweza, bibi. Eti anakuja mwenyewe kwenye mkono."

"Mjinga yeye." Alikunja kanga akaiweka sawa begani. "Pweza anakuja kukupima. Mkono mmoja anakupa wewe, saba kabaki nayo kwenye jiwe. Akikuona huna maana anarudi zake. Huyo bwana alivua siku ngapi?"

Nikamwambia alikaa kisiwani, Lesbos, kwenye ghuba, akiuliza wavuvi.

"Basi aliuliza wanaume," akasema bibi. "Na hiyo barua yao umeshaijibu?"

Nikamwambia bado.